Kabla hujauza kihamba kwa ajili ya dawa ya kinga

Dada, pole kwa kuuguza. Unauliza kama uuze kihamba, shamba la familia, umpeleke mama India akatibiwe saratani, kwa kuwa dawa ya kinga, yaani ile inayoamsha kinga ya mwili ipigane na saratani, ilimponya jirani yenu hapo Moshi.

Subiri kwanza, tafadhali. Uvimbe mwingine hutumia protini ya PD-L1 kufunga breki za chembe za kinga, na dawa hizi huziachia. Wanasayansi Allison na Honjo walipata Nobel ya tiba 2018 kwa kugundua tiba ya saratani inayoachia breki za kinga. Lakini chembe za kinga zisipoingia kwenye uvimbe, dawa hukosa wa kumwamsha. Uvimbe wenye mabadiliko mengi ya jeni kwa kawaida huitikia zaidi.

Muulize daktari wenu wa hospitali ya KCMC: kinyama alichokatwa mama kinaweza kupimwa PD-L1 na hitilafu ya kurekebisha DNA, ile inayoleta mabadiliko mengi ya jeni? Mweleze pia kama mama ana lupasi au baridi yabisi, magonjwa ambayo kinga hushambulia mwili wenyewe, maana dawa inaweza kuyachochea.