Mkaa Uliokolea Hautoi Moshi, Lakini Hewa Yake Si Salama

Katika nyumba nyingi za Dar es Salaam, hasa nyakati za masika, jiko la mkaa huwashwa uani, kisha huingizwa ndani mara tu moshi unapokwisha, kwa imani kwamba chenye madhara kimeshatoka. Nimepika kwa mkaa miaka mingi, na kila masika nawasihi majirani zangu jambo hilohilo: mkaa uliokolea ukawa mwekundu huendelea kutoa kaboni monoksaidi, gesi isiyo na rangi wala harufu, ambayo hushikamana na damu kwa nguvu inayoizidi oksijeni kwa zaidi ya mara 200. Mtu huanza kuumwa kichwa, akasikia kizunguzungu na kichefuchefu, akadhani ni malaria. Na ikimkuta usingizini, huenda asiamke.

Kwa hiyo jiko libaki nje mpaka chakula kiive, na mvua ikinyesha lihamishiwe barazani, chini ya paa lisilozungukwa na kuta. Asiye na uani afungue mlango pamoja na dirisha la upande wa pili ili hewa ipite. Usiku lisilazwe chumbani, hata kama makaa yamefunikwa majivu.

Moshi nao una hatari yake. Mama anapoinama kupuliza jiko, mtoto aliye mgongoni huvuta hewa ileile, tena kwa pumzi za harakaharaka kuliko za mamaye, na chembechembe za moshi zilizo ndogo kuliko mikromita 2.5 (mikromita ni sehemu moja ya elfu ya milimita) hushuka hadi ndani kabisa ya mapafu. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba hewa chafu ya majumbani ilisababisha vifo milioni 3.2 mwaka 2020, vikiwemo vya watoto zaidi ya 237,000 wa chini ya miaka mitano. Chembechembe hizo hutoka pia kwenye koroboi, mafuta ya kukaangia, udi na dawa ya mbu ya kuchoma. Udi nafukiza milango ikiwa wazi, na chetezo hutoka chumbani kabla ya kulala. Dawa ya kuchoma nimeiacha kabisa, natumia chandarua.

Mtu akilalamika kichwa katika chumba chenye jiko, mtoeni nje papo hapo, mpelekeni hospitali, na mwambieni daktari kwamba mkaa ulikuwa ukiwaka ndani, kwa sababu bila maelezo hayo dalili zake hufanana na za maradhi mengine.