Kumfuata mume Mjerumani Uholanzi

Dada, umeuliza kama lazima ufaulu mtihani wa Kijerumani ndipo umfuate mumeo Mjerumani anayefanya kazi Rotterdam. Hapana! Mtihani ule ni wa wanaohamia Ujerumani kwenyewe. Mumeo yuko nchi nyingine ya Umoja wa Ulaya, kwa hiyo unalindwa na Agizo 2004/38, yaani sheria ya Umoja wa Ulaya kuhusu raia wake na familia zao wanaohamia nchi nyingine ya Umoja huo. Viza ni bure. Wakikudai ada ya viza, wasomee namba hiyo. Beba pasipoti, cheti cha ndoa na uthibitisho kwamba unamfuata mumeo.

Ukikusudia kukaa zaidi ya miezi 3, omba kadi ya makazi. Kadi yenyewe hutakiwa kutoka ndani ya miezi 6, lakini hati ya kupokea ombi ni papo hapo. Tafadhali usiondoke dirishani bila karatasi hiyo. Mimi niliondoka mikono mitupu, nikahangaika sana.