Lile jagi la wageni

Mwanangu,

Voisi yako nimeisikiliza mara mbili. Unasema yule mume wangu mdogo kakubana tena, mbona mbingu ni ya bluu, na unaniuliza kama mtoto wa miaka sita aambiwe habari za mwanga na hewa au apewe kauongo kadogo mpaka akue. Ngoja kwanza nikwambie habari ya jagi, manake wewe pengine umesahau, mimi sijasahau.

Tukiwa Tanga uliniuliza swali hilohilo pale Raskazone, nikakujibu ni rangi ya bahari inajionyesha juu, yani mbingu ni kama kioo. Ukaridhika. Tukahamia Dodoma, hata mwezi haujaisha ukanifuata jikoni, mama huku hakuna bahari, mbona bado ni bluu? Nilikuwa nasonga ugali, nikakwambia nenda kacheze. Na mimi ndio yuleyule ninayesema kila siku mtoto akiuliza amekuamini.

Usiku umeme ukakatika kama kawaida, baba yako, Mungu amrehemu, akalitoa jagi la kioo la wageni akajaza maji akadondoshea maziwa kidogo sana, akapiga tochi toka upande mmoja. Akakwambia mwanga wa jua una rangi zote zile za upinde wa mvua, na hii hewa yetu, ambayo asilimia 78 ni naitrojeni na 21 oksijeni, chembe zake ni ndogo mno, zinaitawanya bluu kuliko nyekundu, kwa hiyo ukitazama juu popote pale bluu inakujia. Ukatazama jagi ubavuni, maji yana ubluu kama moshi wa kuni. Akakuzungusha utazame tochi kupitia kwenye maji, ikawa rangi ya chungwa, ukapiga kelele, baba hii ni jioni! Hakuna aliyekwambia, ulijua mwenyewe. Na ndivyo ilivyo, jioni jua liko chini kwa hiyo mwanga unapita kwenye hewa nyingi zaidi mpaka utufikie, bluu yote inapotelea njiani, inabaki nyekundu. Mpaka leo jua likizama naisikia sauti yako ile.

Halafu ukanigeukia. Mama, kwa hiyo ulinidanganya? Nikakwambia kalale.

Huwa najitetea, nasema sikujua, hata mimi bibi yako aliniambia hivyohivyo, na asiyejua hajadanganya. Lakini hapana, pale jikoni nilishajua jibu langu limekufa, ningesema tu sijui mwanangu, tumuulize baba. Basi. Na sisemi Mungu asitajwe, mtaje, kaumba yeye, ila kumtaja ili mtoto anyamaze hilo siliafiki.

Atakuuliza na usiku mbona nyeusi, hilo jepesi, jua liko upande wa pili wa dunia, hakuna mwanga wa kutawanywa. Mwambie na ya mwezini, wale waliotua kule 1969 walikuta jua linawaka mchana na anga jeusi tii, manake kule hakuna hewa kama yetu. Hiyo wewe ulitaka usimuliwe kila siku.

Sasa kama miaka sita ni mapema au la, mtoto ni wako na mumeo, sitaki kuonekana naingilia nyumba ya watu. Sisemi kitu. Ila wewe ulikuwa na saba na ulielewa usiku uleule. Na mtoto akiuliza amekuamini. Haya, nimenyamaza.

Jagi lipo kabatini, mpini umepata ufa ila halivuji, nitampa shemeji yako anayekuja huko Jumamosi. Tochi ya simu inatosha, zima taa. Maziwa weka tone kwa tone, ukizidisha rangi huzioni, unaona maziwa tu.

Mama