Re: Nataka kufungua blogu, nipo Ujiji, nina simu tu

Mkuu, umeuliza kiolezo (theme, yaani muonekano wa blogu) gani kinafaa kwa blogu ya historia ya Ujiji na maisha ya ziwani, na kama simu ya Android bila kompyuta inatosha. Simu inatosha. Kiolezo kiweke pembeni kwanza. Rangi utabadilisha siku yoyote, ila kuna mambo ukiyakosea mwanzoni yanasumbua sana kuyarekebisha baadaye.

Kwa anayeanza bila bajeti, chukua Blogger ya Google. WordPress ya kujiwekea mwenyewe ina uwezo zaidi, lakini unalipia seva, na ukizembea kusasisha, wadukuzi wanaingilia hapo hapo.

Fungua Gmail mpya ya blogu tu, na iwe mikononi mwako, siyo ya kijana wa stesheneri anayekusaidia. Washa uthibitishaji wa hatua mbili, kisha zile namba za akiba unazopewa ziandike kwenye daftari. Laini ikipotea na namba huna, umejifungia nje ya blogu yako mwenyewe. Blogu ikishafunguka, ingia "Settings", kwenye ruhusa, ualike barua pepe ya pili, ya mtu unayemwamini. Ataingia kama mwandishi. Wewe mpandishe awe msimamizi.

Anwani iwe fupi, isiyo na kistari wala mwaka, ambayo mtu akitajiwa mara moja pale Mwanga sokoni, Kigoma, anaiandika bila kuuliza herufi. Kitu kama historiayaujijinakigomakwaujumla hakuna atakayekikumbuka. Kuibadilisha baadaye inawezekana, ila linki zote ulizokwisha kusambaza WhatsApp zinakufa.

Ukiwa bado kwenye "Settings", angalia saa. Blogu mpya huja na saa za pwani ya magharibi ya Marekani, ambazo ziko nyuma yetu kwa saa 10 au 11. Ukichapisha saa mbili asubuhi, tarehe itasoma jana. Weka GMT+3 ya Afrika Mashariki. Lugha chagua Kiswahili, ili maneno ya kiolezo yenyewe, kama majina ya miezi, yaendane na unachoandika. Hakikisha pia kitufe cha kuonekana kwenye injini za utafutaji kimewashwa, na maoni yapite kwako kabla ya kutokea, la sivyo utaamka umejaziwa matangazo ya kamari.

Sasa makala. Kabla ya kubonyeza kuchapisha, fungua mipangilio ya upande wa kulia utengeneze linki mwenyewe, mfano kukausha-dagaa-kibirizi. Ukiiachia Blogger, inakata kichwa kirefu inapotaka yenyewe. Ukichapisha bila kichwa unaweza kupata kitu kama blog-post.html, ambacho hakimwambii mtu chochote. Washa pia, kwenye "Settings", maelezo ya utafutaji (maneno yanayotokea chini ya kichwa kwenye Google), yasizidi herufi 150 pamoja na nafasi. Usiandike "Karibu usome makala yangu nzuri." Andika hivi: "Walipokutana Stanley na Livingstone Ujiji mwaka 1871: mahali penyewe palipo leo, jinsi ya kufika kutoka Mwanga na kilichomo kwenye makumbusho." Mtu anajua anachofungulia bando lake.

Lebo mbili au tatu kwa makala zinatosha. Uvuvi na uvuvi kwa Blogger ni lebo mbili tofauti, kwa hiyo amua herufi kubwa au ndogo na usigeuke.

Picha ndizo zinazoua blogu nyingi za huku. Picha ya simu ina megabaiti 3 hadi 5; weka sita kwenye makala moja, uone nani atasubiri zifunguke kwa mtandao wa kusuasua. Punguza upana hadi pikseli 1200 na uzito chini ya kilobaiti 200. Njia rahisi ni kujitumia picha WhatsApp kama picha ya kawaida, siyo kama faili, halafu uipakue. Inashuka uzito, na taarifa za mahali ilipopigwa zinafutika, jambo la maana ukipiga nyumbani kwa watu. Badilisha jina la faili kabla ya kupakia.

Hapo ndipo uje kwenye muonekano. Fungua blogger.com kwenye Chrome, gusa nukta tatu, chagua "Desktop site". Programu ya Blogger ya simu ni ya kuandikia makala, kiolezo hutakigusa humo. Chukua kimojawapo cha Blogger yenyewe: Soho au Emporio kama picha ni nyingi, Contempo kama maandishi ndiyo mengi. Maandishi yasiwe chini ya pikseli 16, meusi juu ya nyeupe. Kijivu hafifu kinapendeza usiku kitandani, lakini msomaji wako yupo juani pale Kibirizi na haoni kitu.

Violezo vya bure vya tovuti za nje niviseme wazi: kaa navyo mbali mpaka uwe unaelewa msimbo. Vingi vina mstari wa mtengenezaji chini kabisa, umefungwa na msimbo uliofichwa. Ukiufuta, blogu yote inahamishia wasomaji kwenye tovuti yake. Na hata kiolezo cha Blogger, kabla ya kugusa HTML (msimbo wake) pakua nakala yake kutoka "Theme". Mabano moja likikosekana, Blogger inagoma kuhifadhi.

Kwenye "Layout" acha kurasa, lebo na kumbukumbu za makala. Saa, kalenda na kihesabio cha wageni ni uzito wa bure.

Domeini, yaani anwani ya kulipia isiyo na blogspot, inaweza kusubiri. Ukifika huko, me.tz ni ya watu binafsi, na unaipata kwa mawakala waliosajiliwa wa domeini za .tz. Isajiliwe kwa jina lako. Kwenye Blogger iandike ikiwa na www mbele, bila hiyo inakataliwa. Kwa wakala weka CNAME (rekodi inayoelekeza domeini kwenye blogu yako) mbili: www kwenda ghs.google.com, na ya pili ni ile Blogger itakayokuonyesha, ambayo ni ya blogu yako peke yake. Kufuli la HTTPS (alama ya usalama kwenye kivinjari) linaweza kuchukua siku nzima. Kivinjari kikilalamika, usianze kufutafuta ulichoweka.

Ukipanga kuandika habari na matukio, siyo historia tu, soma kanuni za maudhui mtandaoni za TCRA (Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania) zilizopo sasa. Zimebadilishwa zaidi ya mara moja tangu 2018.

Kila mwezi pakua nakala ya blogu kutoka "Settings". Nakala hiyo inabeba maandishi na maoni, lakini kwa picha usiitegemee; picha halisi zitunze kwenye memori kadi.