Maswali ya wasomaji: Lidi-ofu ni nani hasa?

SWALI: Shikamoo mhariri. Mimi niko Mbale, usiku tunaangaliaga besiboli kwa simu ya shemeji. Mtangazaji alisema Ohtani ndo lidi-ofu wa timu ya Dodgers, sawa, ila kufika iningi (kipindi cha mechi) ya 5 akamwita jamaa mwingine kabisa lidi-ofu. Shemeji anasema wamebadilisha, mi nabisha. Nani yuko sahihi?

JIBU: Marahaba. Hapo umemshinda shemeji, ila usimcheke sana, hata wanaocheza besiboli huko Lugazi, Uganda, lazima waliwahi kuchanganya.

Kocha anaandika majina 9 kabla ya mechi, yule wa juu kabisa ndo lidi-ofu, na hilo jina anabaki nalo mpaka mwisho. Lakini orodha inazunguka tu, haianzi upya kila iningi, timu ikitolewa watu 3 wanaenda kudaka, wakirudi kupiga wanaendelea pale walipoishia. Sasa kama iningi ya 4 iliishia kwa mpigaji wa 6, ya 5 anaifungua wa 7, na mtangazaji atasema huyo ndo lidi-ofu wa iningi hiyo. Yaani Ohtani ana uhakika wa kufungua mara moja tu, iningi ya kwanza.

Mbona basi nafasi yenyewe inagombaniwa? Hesabu bana. Ligi kuu ya Marekani timu inacheza mechi 162, na kila ukishuka nafasi moja kwenye orodha unapoteza zamu kama 18 kwa msimu, kwa hiyo unataka juu akae mtu anayefika besi (vituo vya kukimbilia uwanjani) kila saa, awe amepiga au amepewa besi bure kwa mipira mibaya ya mrushaji, halafu awe na mbio. Mchezaji wa zamani Rickey Henderson ndo alikuwa mfalme wa kazi hiyo, besi za kuiba (kukimbilia besi ya mbele bila mwenzako kupiga) 1,406 maisha yake yote, na homurani (pigo linalokuzungusha besi zote upate bao) 81 za kufungulia mechi, yaani mrushaji hajapasha vizuri mkono na bao lishaingia. Zamani walimweka mwembamba mwenye mbio tu, siku hizi wanaweka hata jitu la nguvu kama huyo Ohtani wenu, ambaye 2024 alipiga homurani 54 na bado akaiba besi 59. Mi naona ni akili, mtu mkali kuliko wote kwa nini asubiri?

Ukisikia eti mkimbiaji "anachukua lidi", hiyo ni habari nyingine, ni mtu ambaye tayari yuko besi anasogea hatua kadhaa mbele kabla mpira haujarushwa, ili awahi kuiba. Mrushaji akimwona amezidisha anageuka ghafla anamtoa. Kwenye Little League ya watoto hadi miaka 12, ile ambayo vijana wetu wa Lugazi walienda kucheza fainali zake za dunia Williamsport, Marekani, 2012 wakawa wa kwanza kutoka Afrika, hairuhusiwi, unabaki umekanyaga besi mpaka mpira umfikie mpigaji.