Maswali ya Wasomaji: Je, Shaaban Robert alikuwa mcheshi?

SWALI: Ndugu Mhariri, ninafundisha fasihi katika shule moja ya sekondari hapa Tanga. Wanafunzi wangu humwona Shaaban Robert kuwa mzee wa mawaidha tu, ilhali marehemu babu yangu, mzaliwa wa Machui, alikuwa akicheka peke yake kila alipomsoma. Ni nani anayekosea? Na kama kweli kejeli ilikuwamo, imebaki wapi katika vitabu na katika muziki wetu?
Msomaji, Chumbageni, Tanga

JIBU: Mwalimu, babu yako alisoma sawasawa. Shaaban Robert, aliyezaliwa Vibambani mwaka 1909 na kuzikwa Machui mwaka 1962, amesifiwa sana kwa hekima hata tumesahau jinsi alivyokuwa na jicho kali la kuona upuuzi wa wenye vyeo. Hata shairi lake mashuhuri la kukisifu Kiswahili linaifananisha lugha ya mtu na titi la mama, ambalo ni tamu hata likiwa la mbwa. Mtu asiye na utani hawezi kumwingiza mbwa katika sifa ya kitu anachokipenda kiasi hicho.

Chukua Kusadikika, kilichotoka mwaka 1951. Nchi yenyewe iko kati ya mbingu na ardhi, na imepakana na pepo. Sisi watu wa pwani, tunaojua kwamba kaskazi na kusi hupokezana kila mwaka, tunatambua mara moja kwamba nchi ya namna hiyo haina mpaka wa kutegemewa. Humo Waziri Majivuno anamshitaki kijana Karama kwa kosa la kueneza elimu ya sheria, naye Karama anajitetea kwa kuwasimulia wakubwa habari za wajumbe sita waliotumwa kuitafutia nchi yao mema, ambao kila mmoja aliporudi aliadhibiwa badala ya kushukuriwa. Kejeli imo katika huko kurudiarudia: ukifika kwa mjumbe wa nne unaijua hukumu kabla haijatolewa, ukacheka, kisha ukaona haya kwa kucheka. Tukumbuke kwamba mwandishi alikuwa karani wa serikali chini ya utawala wa Waingereza. Nani angemshitaki mtu kwa kuisema nchi inayoelea hewani?

Silaha yake kubwa, kwa maoni yangu, ni majina. Majivuno amekwisha kuhukumiwa na jina lake kabla hajafungua kinywa. Katika Kufikirika, alichokiandika mwaka 1946 na kikachapishwa mwaka 1967, yumo mwalimu anayeitwa Utubusara Ujingahasara, ambaye anapoteza kazi kwa kutaka mwana wa mfalme apewe pia nafasi ya kucheza. Jina hilo, refu kama kofia ya sherehe, kwanza linachekesha, kisha ukilitenganisha unakuta ndani yake hoja nzima ya kitabu. Desturi ya kumpa mhusika jina linalomfichua ilikuwapo katika ngano zetu kabla yake, lakini yeye ndiye aliyeipa makao katika vitabu vya nathari. Katama Mkangi wa Kenya, alipoandika Walenisi mwaka 1995, aliifuata njia hiyo: msafiri anarushwa mbali na dunia hii hadi katika jamii ya mbali, na jina la mahali hapo, likisomwa polepole, linasema "wale ni sisi". Kila ninapokisoma kitabu hicho naisikia sauti ya mtu wa Vibambani.

Kwa upande wa muziki, deni lilianzia kwake. Taarabu ilijua kufumba kabla yake, naye aliichukulia kuwa jambo la kuandikwa kwa heshima. Wasifu wa Siti binti Saad, uliochapishwa mwaka 1958, unamhusu mwimbaji aliyezaliwa Fumba, Unguja, katika familia ya wafinyanzi, akafika Bombay mwaka 1928 kurekodi santuri kwa Kiswahili. Humo tunasoma jinsi wenye husuda walivyomwimbia kwamba alikuja mjini na kaniki, na kwamba bila sauti asingekuwa na cha kula. Naye akawajibu kwa wimbo kwamba uzuri na ukoo si hoja, hasara ya mtu ni kukosa akili. Jibu hilo lina adabu na makali kwa pamoja, na ndiyo kejeli ileile ya Kusadikika ikipigiwa fidla. Siti alifariki mwaka 1950, na santuri huvunjika. Kwa kuwa mtu wa Tanga aliyaandika mambo hayo, kizazi ambacho hakikumsikia kinajua alijibu nini alipotukanwa. Mwaka 2020 kitukuu chake, Siti Muharam, alitoa albamu ya kumuenzi. Nasi hapa Tanga, tuliolelewa na nyimbo za vikundi vya taarabu vya Black Star na Lucky Star, hatuna haja ya kufundishwa jinsi fumbo linavyopenya kuliko tusi.

Nakuomba, Mwalimu, usianze somo kwa kuuliza mafunzo ya kitabu. Wape wanafunzi orodha ya majina matupu, wabashiri kila mmoja atatenda nini, ndipo wafungue ukurasa wa kwanza.

SWALI: Binti yangu ana miaka 13 na anapenda hadithi za maajabu. Aanze na kitabu kipi cha mwandishi huyo?
Mzazi, Pangani

JIBU: Mpe Adili na Nduguze, cha mwaka 1952. Mapema tu atakutana na liwali mwema anayewachapa manyani wawili kila usiku bila mtu kujua sababu, na hatalala kabla ya kuijua. Usimwambie kwamba ndugu za Adili wanaitwa Hasidi na Mwivu. Mwache ayagundue majina hayo mwenyewe. Kusadikika kinaweza kungoja mwaka mmoja au miwili, mpaka awe amekwisha kuwasikia wakubwa wakijisifu.