Nina laki nne: nimwagize kaka Kindle au ninunue vitabu?

SWALI: Shikamoo Mkutubi. Mimi ni mwalimu wa sekondari huku Tunduru, nafundisha Kiswahili na Historia, na mwaka huu nimeanza shahada ya uzamili kwa njia ya masafa. Nimejibana nikapata shilingi 400,000 za vitabu. Kaka yangu yuko Muscat, anakuja likizo mwezi ujao, na anasema nikimtumia hela ataniletea Kindle, kile kifaa cha kusomea vitabu vya kielektroniki. Nina PDF kama 60 za masomo yangu, nyingi ni kurasa zilizoskaniwa. Usiku nikizisoma kwenye simu macho yanawaka. Umeme wetu ni wa kubahatisha, na mchwa wameshanilia vitabu mara mbili. Wenzangu wa ofisini wanasema karatasi imepitwa na wakati. Nishike lipi?

JIBU: Marahaba, Mwalimu. Kabla hujatuma hela, chukua mkasi na karatasi nyeupe. Kata kipande chenye upana wa sentimita 9 na urefu wa sentimita 12. Huo ndio ukubwa wa kioo cha Kindle ya kawaida, ile ya inchi 6. Kisha toa kopi ya ukurasa mmoja wa PDF zako kwenye A4, ulaze kipande chako juu yake. Ukurasa wote ule, sentimita 21 kwa karibu 30, itabidi uingie humo. Herufi ya saizi 12 itasinyaa hadi kama saizi 5, mithili ya yale maandishi ya kwenye karatasi inayokunjwa ndani ya boksi la dawa.

Nimeanza na mkasi kwa sababu karibu kila anayeniuliza swali hili huanza na kifaa, wakati jibu limo kwenye kile atakachokisoma. Maandishi ya kielektroniki yako ya namna mbili. Yapo yanayotiririka, kama ya faili za aina ya EPUB: ukikuza herufi, maneno hujipanga upya yakaenea kwenye kioo chochote. Na ipo PDF, ambayo ni ukurasa uliogandishwa. Ukiukuza, unatoka nje ya kioo. Iliyoskaniwa ni ngumu zaidi, kwa kuwa mashine haioni herufi yoyote mle, inaona picha tu.

Mwaka jana mwalimu mmoja wa chuo alinijia maktabani na Kindle mpya. Alikuwa na sura ya kitabu kuhusu misafara ya biashara ya karne ya 19, imeskaniwa kurasa mbili kwa pamoja, na kidole gumba cha aliyeskani kinaonekana pembeni. Akavuta kioo kwa vidole viwili. Ukurasa ukakua polepole, ukawa mweusi, ukawa mweupe, ukatulia. Akasogeza kulia kumalizia mstari, akarudi kushoto kuanza unaofuata. Tulihesabu pamoja: aya moja ilimgharimu misogezo 14. Kifaa kilikuwa kizima kabisa, ila hakikutengenezwa kwa kazi ile.

Zipo njia za kupunguza tabu. Ukikata pambizo za ukurasa na kulaza kifaa ubavu, herufi ya saizi 12 inarudi hadi kama saizi 9, inasomeka. PDF yenye maandishi halisi unaweza kuigeuza iwe EPUB kwa programu ya bure iitwayo Calibre, ingawa mara nyingi utakuta namba za kurasa na tanbihi zimejipenyeza katikati ya sentensi. Zile zilizoskaniwa Calibre haitazisaidia. Na kwa maelezo yako, hizo ndizo nyingi.

Kuhusu macho, wazo la kaka yako lina hoja, na sitaki kuipunja. Kioo cha simu ni taa inayokumulika usoni. Kioo cha Kindle na vifaa vya jamii yake, kama Kobo, kimejaa vifuko vidogo mno, kila kimoja kina chembe nyeupe na chembe nyeusi zenye chaji zinazopingana. Umeme ukipita, za rangi moja hupanda juu, za nyingine hushuka, herufi ikatokea. Ikishatokea hukaa pale bila kula umeme, na wewe unaiona kwa mwanga unaoakisiwa, kama unavyoona wino kwenye karatasi. Kampuni ya E Ink, inayotengeneza vioo hivyo, ilianzishwa 1997 na watu waliotoka maabara ya chuo cha MIT cha Marekani, na Kindle ya kwanza ikaingia sokoni Novemba 2007. Betri hutumika zaidi unapofungua ukurasa mpya, unapowasha taa yake ya ndani na unapounganisha mtandao, ndiyo maana chaji moja huenda wiki kadhaa. Kwa mtu mwenye umeme wa kubahatisha, hiyo ni neema. Lakini macho huwaka pia kwa sababu ya herufi ndogo na kwa kusahau kupepesa, na ukihamisha kurasa zilezile zilizoskaniwa kwenye kioo cha inchi 6, utakuwa umeondoa mwanga ukabakiza kukodoa.

Sasa Kiswahili, Mwalimu, na hapa naomba unisikilize kwa makini. Vitabu vingi unavyofundishia, riwaya, tamthilia na diwani, havipatikani kwa mfumo unaotiririka. Ukivipata mtandaoni, mara nyingi ni skani ya mtu asiye na haki ya kuisambaza. Kamusi zinazokuja ndani ya vifaa hivi hazijumuishi Kiswahili. Na hata ukiingiza yako, kitenzi chetu huanza na viambishi. Ukigusa neno "walimpokea", kifaa kitakwenda kulitafuta kwenye W, wakati "pokea" iko kwenye P. Kwa msomaji wa Kiingereza, kugusa neno ukapewa maana yake ni moja ya raha kubwa za kifaa hiki. Sisi bado hatuna raha hiyo.

Ushairi ndio unaoumia kuliko vyote. Tuchukue mshororo huu, nimeutunga hapa hapa: "Mwalimu shika kalamu, andika wasome wana." Mizani nane ukwapi, yaani kipande cha kwanza, nane utao, kipande cha pili, kina cha kati "mu", cha mwisho "na". Kwenye kitabu, mishororo minne ikipangwa hivyo, jicho la mwanafunzi linashuka na vina kama linavyoshuka ngazi. Kwenye kioo kidogo, ukikuza herufi ili zisomeke, mshororo unakatika baada ya "andika", na "wasome wana" linadondoka peke yake mstari wa chini. Ubeti wa mishororo minne unaonekana una minane isiyolingana. Nimewahi kuona mwanafunzi akiandika kwenye zoezi kwamba shairi ni huru, kwa sababu alilisoma kwenye simu. Shairi lenyewe lilikuwa na vina kuanzia juu hadi chini. Iliniuma, kwa kuwa mtoto aliandika kwa uaminifu kile alichokiona.

Halafu kuna darasa. Ukisema "fungueni ukurasa wa 47", kitabu cha karatasi kinatii. Kwenye kifaa, maneno yanayoingia kwenye kioo kimoja hubadilika kila unapobadilisha saizi ya herufi. Na nakala tano za riwaya zinaweza kuzunguka dawati kwa dawati muhula mzima, wakati Kindle moja ni ya msomaji mmoja.

Kuna jambo ambalo wauzaji hulipitia haraka: ukinunua kitabu cha kielektroniki kwenye maduka makubwa, kwa kawaida unachopewa ni ruhusa ya kukisoma. Julai 2009, Amazon, kampuni yenye Kindle, ilifuta vitabu viwili vya George Orwell kwenye Kindle za watu waliokwisha kuvilipia, kwa sababu aliyeviweka dukani hakuwa na haki navyo. Hela walirudishiwa, lakini vitabu viliondoka mikononi mwao bila wao kuulizwa. Mwaka 2019 Microsoft ilifunga duka lake la vitabu. Ikarudisha fedha, vitabu vikazimika. Na tangu Februari 2025 Amazon imeondoa njia ya kupakua kitabu ulichonunua kwenye kompyuta na kukihamisha kwa waya, hivyo kwa vitabu vingi lazima kifaa chenyewe kipate mtandao. Mafaili yako mwenyewe, kama PDF, bado unaweza kuyaingiza kwa waya. Nakuambia haya kwa sababu unapanga maktaba ya maisha. Kitabu ulichonunua dukani Dar es Salaam unaweza kumwazima jirani, kumrithisha mwanao au kukiuza bila kumwomba mtu.

Kuhusu kuelewa unachosoma, upo uchambuzi uliochapishwa 2018, uliounganisha tafiti 54 zenye wasomaji zaidi ya 170,000. Ulionyesha kwamba waliosoma kwenye karatasi walielewa vizuri kidogo kuliko waliosoma kwenye vioo, hasa maandishi ya maarifa na hasa muda ukiwa umebana. Kwa hadithi, tofauti haikuonekana. Wewe unajiandaa kwa mitihani ya uzamili. Ni maandishi ya maarifa, na muda umebana.

Kabla ya hela, swali moja. Baada ya Sensa ya 2022, vishikwambi vilivyotumika vilikabidhiwa walimu wa shule za umma. Kama ulipata, kiko wapi? Kioo chake ni kikubwa kuliko cha simu, PDF zako zitakaa vizuri zaidi humo, na vitabu vya kiada kwenye maktaba mtandao ya Taasisi ya Elimu Tanzania vinafunguka. Punguza mwanga, simamisha kusoma kila baada ya nusu saa uangalie mbali. Kwa kupitia haraka faili 60 ujue lipi ni la muhimu, kinatosha.

Ningekuwa wewe, hizo 400,000 ningezigawa hivi. Nusu, 200,000, vitabu vya Kiswahili vya karatasi, ukianza na diwani na tamthilia, kwa sababu nilizoeleza. Kama 80,000 kwa steshenari: chagua sura unazozihitaji kweli, na kwa shilingi 100 ukurasa unapata kurasa 800, uzifunge pamoja, uandike pambizoni kwa penseli. Kama 70,000 taa nzuri ya sola, maana karatasi haidai chaji lakini gizani haisomeki. Iliyobaki mpe fundi akutengenezee rafu.

Hiyo rafu usiidharau, kwa sababu ndiyo itakayoamua kama hela hii itaishi. Mimi niko Tanga, adui yangu mkubwa ni ukungu, lakini mchwa nawajua pia. Tuliwahi kupokea maboksi ya vitabu vya msaada yakawekwa kwenye sakafu ya saruji, ukutani, "kwa muda". Masika yakapita. Nilipofungua boksi la chini, vitabu vilionekana vimepangwa vizuri, majalada mazima, majina yanasomeka. Nilipokamata kimoja kikawa chepesi mkononi. Ndani palikuwa udongo tu, umeshikilia umbo la kurasa. Mchwa walipita kwenye ufa wa sakafu, mwembamba kuliko kadi ya simu.

Kwa hiyo: rafu ya chuma ukiweza, au ya mbao yenye miguu iliyosimama ndani ya makopo yenye oili chafu. Iachie nafasi ya kiganja kutoka ukutani, ubao wa chini uwe juu ya sakafu angalau shibiri moja. Kila Jumamosi pitisha macho nyuma ya rafu. Ukiona kinjia cha udongo, kibomoe na ukifuate mpaka kinakotokea, dawa uipige hapo. Usipulizie vitabu vyenyewe. Kitabu kikilowa, kikaushe kivulini penye upepo. Jua kali hukausha haraka, ila hufanya karatasi iwe ya njano na ivunjike. Na tambua kwamba hata Kindle ina adui wake. Kioo chake huvunjika kikikaliwa kwenye begi, na ikifia Tunduru sijui fundi atakayeibadilishia kioo kwa bei ya maana, lakini kitabu kilichochanika utakigundisha mwenyewe. Joto la ndani ya gari lililoegeshwa juani hudhoofisha betri.

Wapo ninaowaambia wanunue bila kusita. Mzee anayependa kusoma ambaye macho yamepungua: anakuza herufi hadi ukubwa wa vichwa vya habari, anarudi kusoma peke yake. Nimemwona mzee wa aina hiyo akitabasamu. Mtu anayesafiri sana na kusoma riwaya za Kiingereza mbili tatu kwa mwezi, naye inamfaa. Na wewe upande wa Historia kuna jambo: maandishi ya wasafiri wa karne ya 19, akina Burton, Livingstone na Stanley, yapo bure kwenye maktaba ya mtandaoni ya Project Gutenberg kwa mfumo unaotiririka, na yanasomeka vizuri kwenye kioo hicho. Ukifika hapo, baada ya kupata vitabu vya darasa, Kindle itakuwa na kazi ya kweli.

Kwa hiyo kaka akisisitiza kukuletea kama zawadi, pokea kwa mikono miwili. Mwambie tu achague yenye tundu la chaji la USB-C, ambalo linaingiliana na waya wa simu za sasa, na aweke na jalada gumu. Faili za EPUB utazituma kwa huduma ya Amazon iitwayo Send to Kindle, kwani ukiziingiza kwa waya hivyo hivyo hazifunguki. Lakini hela yako mwenyewe usiiguse kwa ajili hiyo mwaka huu.

Na nitumie orodha ya majina ya hizo faili 60. Skani nyingi za namna hiyo ni sura moja moja zilizotolewa kwenye vitabu vilevile vinne au vitano, na huenda ninavyo hapa, au vipo kwenye maktaba ya mkoa wenu. Nikivipata nitakuambia namna ya kuviazima vikiwa vizima.